Michenzani na Grünau: nani wa kutengeneza ngazi?

Kila nikienda likizo Unguja nasikia kauli ileile kuhusu Michenzani, majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa na serikali mjini Zanzibar: watu walipewa bure, sasa wanataka serikali iwatengenezee pia? Wanaoisema zaidi ni wale ambao hawajawahi kupandisha dumu la maji ghorofa ya tano. Siikubali, na kukaa kwangu Leipzig, Ujerumani, kumenizidishia ubishi.

Mtaa ninaokaa unaitwa Grünau, maghorofa ya zege yaliyoanza kujengwa 1976, zama za Ujerumani Mashariki. Nchi hiyohiyo ndiyo iliyotuletea wataalamu baada ya Mapinduzi ya 1964, zikajengwa nyumba za Kikwajuni, kisha ikachorwa ramani ya Ng'ambo mpya, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, ambayo Michenzani ndiyo kitovu chake. Majengo si pacha. Ya huku ni mapande ya kiwandani yaliyopandishwa kwa kreni, ya kwetu yamesimama kwa jasho la Wazanzibari wenyewe, wengi wao wakijitolea. Fikra ndiyo moja: serikali inajenga, inagawa, mwananchi anahamia.

Sasa angalia kioja. Ujerumani Mashariki ilikufa 1990, lakini majumba yake yakapata wa kuyarithi: kampuni za nyumba za manispaa na vyama vya ushirika. Yakatiwa madirisha mapya, kuta zikavishwa kinga ya baridi, mabomba yakabadilishwa. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ipo tangu siku ya kwanza mpaka leo, na bado ukiuliza nani mwenye dhamana ya ngazi za jumba fulani, utazungushwa mpaka uchoke.

Huku mwenye nyumba, awe manispaa au tajiri, analazimishwa na sheria kuitunza muda wote wa mkataba, na nyumba ikiharibika mpangaji ana haki ya kupunguza kodi. Kuna kipengele kimoja nakipenda sana. Mwenye nyumba akiiboresha, anaruhusiwa kuongeza kwenye kodi ya mwaka hadi asilimia 8 ya gharama alizotumia. Akitengeneza kilichochakaa tu, haruhusiwi kupandisha kodi kwa ajili hiyo. Uchakavu ni mzigo wake.

Mabomba yalipobadilishwa kwenye jengo letu, tangazo lilibandikwa mlangoni mapema: safu ipi ya nyumba itakatiwa maji, siku gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, na namba ya kupiga. Jirani yangu, bibi mmoja mkali, alilalamika juu ya vumbi kwa wiki nzima. Hakulalamika juu ya nani alipe.

Msinielewe kwamba huku ni peponi. Mwaka 2006 jiji la Dresden liliuza kampuni yake yote ya nyumba kwa wawekezaji wa Kimarekani ili limalize madeni, na 2017 likalazimika kuanzisha kampuni nyingine upya. Na tangu 2002 serikali imegharamia kubomoa maelfu kwa maelfu ya nyumba za mashariki kwa sababu watu walihama. Kule Marzahn, Berlin, majengo ya ghorofa 11 yalipunguzwa yakabaki ya ghorofa tatu hadi sita. Hilo la kubomoa kwetu halifai kuigwa kichwa kichwa: sisi watu wanaongezeka, nyumba ndizo haba, na mkaazi akishaambiwa "hama kwa muda" ana haki ya kuogopa kwamba hatarudi.

Michenzani ukiingia ndani ya nyumba ya mtu utakuta vigae, rangi safi, mlango wa mninga. Toka nje: lipu imebanduka, nondo zimeota kutu kwa hewa ya bahari, mipira ya maji inapanda ukutani kila mmoja na pampu yake. Watu hao hawana uzembe. Kila mmoja anatunza anachojua ni chake, na paa, ngazi na bomba la maji machafu havina mwenyewe. Mtu mmoja wa ghorofa ya juu hawezi kuezeka paa la jumba zima, hata awe na pesa.

Sheria ya umiliki wa pamoja wa nyumba za ghorofa Zanzibar ipo tangu 2010, kwa hiyo tusidanganyane kwamba tunasubiri sheria. Wakaazi waunde vyama, wachange kila mwezi, fedha zikae kwenye akaunti ya jumba lao zisiguswe kwa kazi nyingine. Mimi nitamwambia hata shangazi yangu achange. Ila kabla ya kuwakabidhi, serikali itengeneze kwanza paa, zege na mabomba kwa gharama yake, maana uchakavu huo umelimbikizwa mikononi mwake. Ukimkabidhi mstaafu dari linalomeguka na kumwambia "sasa ni lenu", umemkabidhi deni.

Pesa hakuna, wataniambia. Pale pale Michenzani mfuko wa hifadhi ya jamii umeinua duka kubwa la kisasa, kwa hiyo kujenga tunaweza. Waanze na jumba moja, wahandisi walipime, gharama itangazwe hadharani, kisha tubishane tukiwa na hesabu mezani.