Kigeuzi cha Studio Kichaguliwe kwa Idadi ya Wanaopiga Pamoja

Studio nyingi za Nairobi zinapofikia hatua ya kubadilisha kigeuzi cha sauti, yaani kile kifaa kinachopokea mawimbi ya umeme kutoka kwa maikrofoni na ala, kikayafanya tarakimu za kuhifadhiwa katika kompyuta na baadaye kikazirudisha kuwa sauti kwenye spika, mazungumzo huanzia mahali pasipofaa. Watu huuliza ni kipi chenye sauti tamu zaidi, ni kipi kinachofika kilohezi 192 (yaani kupima sauti mara 192,000 kwa sekunde), na ni chipu ya nani iliyomo ndani. Kwa maoni yangu, swali la kwanza ni jingine kabisa: ni watu wangapi wataweza kupiga kwa wakati mmoja, kila mmoja akinaswa kwenye chaneli yake?

Mji huu ulijijengea jina la muziki katika miaka ya 1970 na 1980 kwa bendi zilizorekodi zikiwa chumbani pamoja, zikiwemo Simba Wanyika, Les Wanyika na Orchestra Super Mazembe. Ukizisikiliza leo utasikia jinsi gitaa la solo linavyojibizana na la rithimu, na besi ikisubiri nafasi yake, kwa namna ambayo haipatikani mpiga gitaa anapoitwa peke yake Jumanne na mpiga dramu akaja Ijumaa. Kompyuta zilipoingia, studio nyingi zikawa kibanda cha mwimbaji mmoja na kifaa cha chaneli mbili, jambo ambalo lilieleweka kwa sababu vifaa vilikuwa ghali na midundo ilitengenezwa kwa programu. Hata hivyo bendi za benga, kwaya za makanisa na vikundi vya ala za asili havijaondoka, na vinapobisha hodi, chaneli nane huisha upesi.

Tuchukue bendi ya benga ya kawaida. Dramu zinataka maikrofoni moja kwenye ngoma ya mguu, moja kwenye snea, moja kwenye hai-hati, mbili kwenye tomu na mbili juu ya seti nzima, na hapo tayari ni saba. Besi inachukua moja, magitaa mawili yanachukua mbili, kinanda kinachukua mbili kwa ajili ya kushoto na kulia, na waimbaji watatu wanatufikisha 15. Chaneli moja inayobaki katika kigeuzi cha 16 itaenda kwa maikrofoni ya kuzungumzia. Akija mpiga nyatiti, atahitaji maikrofoni moja mbele ya nyuzi na nyingine pale chini ambapo pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu hugonga ala, maana mlio huo ni sehemu ya muziki wenyewe, na ukinaswa kwa mbali tu unapotea ndani ya dramu.

Upande wa kutoka husahaulika zaidi. Mpiga besi anataka kusikia ngoma ya mguu, mwimbaji anataka sauti yake mwenyewe, na hakuna atakayepiga vizuri akiwa na mchanganyiko wa mwenzake masikioni. Michanganyiko minne ya hedifoni, kila mmoja kushoto na kulia, ni chaneli nane za kutoka, spika za chumba cha fundi ni mbili nyingine, na kama kuna vifaa vya nje vya kupitishia sauti, hesabu inaendelea.

Kuhusu utamu wa sauti, sisemi kwamba vigeuzi vyote ni sawa. Saketi za analogi zinazoizunguka chipu, umeme unaogawanywa ndani ya kifaa, na uwezo wake wa kupokea sauti kali bila kukwaruza ni mambo yanayosikika. Lakini tofauti hizo zimepungua mno. Biti 24, yaani tarakimu 24 zinazoandika kila kipimo cha sauti, kinadharia hubeba desibeli 144 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Hakuna saketi inayofika huko, ila vigeuzi vizuri vya bei ya kati huvuka 110, na vya bei ya juu hukaribia au hupita 120. Sasa tukitazame chumba chenyewe. Kikiwa na kelele ya desibeli 30 kikiwa kimya, na dramu zikafika 110, nafasi yote iliyopo ni desibeli 80. Studio iliyo ghorofani kando ya Barabara ya Thika, ambako honi za matatu hupenya hata dirisha la vioo viwili, haiwezi kuota nafasi hiyo. Mwenye kulipa fedha nyingi kwa ajili ya desibeli nne za karatasini huku mlango wake ukivujisha kelele angefaidika zaidi kwa kuuziba mlango.

Jina la chipu nalo ni kipimo dhaifu. Oktoba 2020 kiwanda cha AKM, mtengenezaji wa chipu za vigeuzi, kilichoko Nobeoka, Japani, kiliungua, na watengenezaji kadhaa wa vifaa vya sauti wakalazimika kubuni upya bidhaa zao kwa chipu za kampuni nyingine kama ESS ya Marekani. Bidhaa hizo ziliendelea kuuzwa na kusifiwa, kwa sababu ubunifu unaoizunguka chipu ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi.

Kilohezi 192 sizihitaji. Kiwango cha kilohezi 44.1 hunasa masafa hadi 22.05, ilhali sikio changa lenye afya hukomea karibu na 20. Mimi hurekodi kwa 48 na biti 24, ambapo chaneli 16 hujaza takriban gigabaiti 8 kwa saa. Kwa 192 zingekuwa takriban 33.

Kiwango kikubwa cha kilohezi kina athari nyingine ambayo wauzaji wa Luthuli Avenue hawana wajibu wa kukueleza. Kebo moja ya mwanga ya ADAT (njia ya kupitisha chaneli za kidijitali kati ya vifaa) hubeba chaneli nane kwa kilohezi 48, lakini nne tu kwa 96. Kwa hiyo mwenye matundu mawili ya ADAT anayeamini kwamba ana chaneli 16 za ziada atakuta nane siku mteja atakapodai kilohezi 96. Njia nyingine ya aina hiyo, MADI, hubeba 64 kwa kilohezi 48, na ile iitwayo Dante hupita katika kebo ya kawaida ya mtandao, jambo linalofaa pale chumba cha kurekodia kilipo mbali na cha fundi.

Tena, vifaa viwili vikiunganishwa, saa ya ndani, ile inayopanga kasi ya kupima sauti, iwe moja. Kimoja kiongoze na kingine kifuate. Kila kimoja kikienda kwa saa yake, utasikia vijimlio vya tiki, tiki katikati ya sauti nyororo, na watu watabadilisha kebo, kompyuta na hata maikrofoni kabla ya kufungua ukurasa wa mipangilio.

Njia ya kuunganisha kwenye kompyuta ndiyo inayozeesha kigeuzi mapema kuliko sauti yake. FireWire, aina ya muunganisho wa zamani, ilitoweka kwenye kompyuta mpya, ikaacha vifaa vizima kabisa visivyo na pa kuchomekwa. Ndiyo maana ninavithamini vifaa kama Aurora(n) ya Lynx, ambayo kadi yake ya muunganisho huweza kubadilishwa kutoka USB kwenda Thunderbolt au Dante huku saketi za sauti zikibaki zilezile.

Kwa anayenunua kilichotumika kutoka Marekani, atazame nyuma ya kifaa kabla ya kulipa: kama hakikubali volti 240 zetu, kitahitaji transfoma. Akumbuke pia kwamba VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya bei iliyokwisha kujumlishwa usafirishaji, bima na ushuru wa forodha. Kifaa cha kuhifadhi umeme, cha kushikilia kompyuta na kigeuzi stima inapopotea katikati ya wimbo, kihesabiwe kuwa sehemu ya ununuzi.

Kwa studio inayopokea bendi, basi, ningenunua chaneli 16 za kuingia na 16 za kutoka kabla ya kufikiria nane za kifahari. Mwenye fedha achukue Aurora(n). Mwenye bajeti ndogo aangalie Pulse16 ya Ferrofish, ambayo huingia kwenye kompyuta kupitia kifaa kingine chenye ADAT. Vyote viwili, vikinunuliwa katika umbo lake la kawaida, havina vikuza sauti vya maikrofoni (vya kuyaongezea nguvu mawimbi yake hafifu), kwa hiyo meza ya kuchanganyia sauti au vikuza sauti 16 viwepo tayari. Na pale ambapo kigeuzi kinatumia tundu la DB-25, yaani tundu pana la pini 25, kila kebo hubeba chaneli nane, maana yake ni kebo nne, na bei yake iingizwe kwenye bajeti kabla oda haijatumwa.