Ukurasa utauliza nini? Anzia hapo kabla ya kuunganisha Cassandra

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, maghala ya Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa hupokea mizigo mfululizo, na kila mzigo unaacha rekodi: mkulima, kilo, daraja, stakabadhi, makato, malipo. Anayetaka kumwonyesha mkulima rekodi hizo kwenye simu huanza kwa kuuliza Cassandra, hifadhidata inayogawa data kwenye seva nyingi, inaunganishwaje na tovuti. Mimi nasema aanze na ukurasa: utauliza nini?

Kwa chama kimoja cha ushirika cha wakulima (AMCOS), Cassandra ni mzigo wa bure. PostgreSQL, hifadhidata ya kawaida, kwenye seva moja inatosha. Faida ya Cassandra huonekana pale vyama vingi vinapoandika kwa pamoja na seva moja ikizima kazi isisimame.

Cassandra haina JOIN, yaani amri ya kuunganisha majedwali mawili katika swali moja. Jedwali moja hujibu swali moja. Kama katibu wa AMCOS anataka mizigo yote ya msimu, ufunguo uwe hivi:

PRIMARY KEY ((chama, msimu), tarehe, stakabadhi)

Mabano ya ndani ndiyo yanayoamua rekodi zikae fungu gani (kundi la rekodi zinazohifadhiwa pamoja), na fungu hukaa nodi zipi, yaani seva zipi za Cassandra. Piga hesabu: rekodi moja ikiwa baiti 200, chama chenye wakulima 2,000 wanaoleta mzigo mara 10 kina rekodi 20,000, yaani megabaiti 4. Fungu halitakiwi kuzidi kama megabaiti 100, kwa hiyo hapo uko salama. Ukiweka tarehe peke yake kwenye mabano hayo, na kila rekodi ina nakala 3, siku ya kilele vyama vyote vitaandika kwenye nodi zilezile tatu huku nyingine zimekaa bure, na hata ukinunua seva zaidi hazitapokea chochote cha siku hiyo. Ukurasa wa mkulima nao utengenezewe jedwali lake, rekodi iandikwe mara mbili. Cassandra ikikujibu kwamba swali lako linahitaji ALLOW FILTERING, yaani ruhusa ya kupekua rekodi nyingi ili kuchuja chache, usiyaongeze maneno hayo ili tu swali likubaliwe. Rudi ulipange upya jedwali.

Kuunganisha kwenyewe ni kufupi. Draiva, yaani maktaba ambayo tovuti hutumia kuzungumza na Cassandra, hupita mlango (port) 9042. Fungua sesheni (muunganisho) moja programu inapowaka, itumiwe na maombi yote. Ukifungua mpya kila mtu anapobofya, draiva inaanza upya kuzitafuta nodi na kusoma muundo wa majedwali, na ukurasa unaburuta. Jina la datacenter (kundi la nodi) liandikwe kwenye draiva kama lilivyo kwenye klasta, yaani nodi zote kwa pamoja, la sivyo utaambiwa hakuna seva ilhali zote ziko hai. Pia rpc_address, anwani ambayo Cassandra husikilizia draiva, huja ikiwa localhost, yaani mashine yenyewe tu, kwa hiyo tovuti iliyo kwenye mashine nyingine itakataliwa. Na tafadhali, washa PasswordAuthenticator, mpangilio wa kudai nywila, maana Cassandra husakinishwa ikiwa haiulizi nywila. Hayo ni malipo ya watu. Mlango 9042 ufunguliwe kwa seva za tovuti tu.

Weka nakala 3 za kila rekodi, uandike na kusoma kwa QUORUM, yaani nodi 2 kati ya 3 zikijibu inatosha. Nodi zisikae zote chumba kimoja pale Mtwara mjini zikitegemea jenereta moja.

Linalosahaulika zaidi ni saa za seva. Chukua seva mbili za tovuti, ya kwanza saa yake ikiwa mbele kwa dakika 5. Saa nne kamili karani anaingiza kilo 840 kupitia hiyo, rekodi inagongwa muhuri wa saa nne na dakika tano. Dakika tatu baadaye anagundua mzani ulisema 480, anasahihisha, na ombi linapita seva ya pili yenye saa sahihi. Cassandra inalinganisha mihuri ya muda, inaona 840 ndiyo mpya, inaibakiza. Hakuna kosa linalotokea kwenye kioo, na karani ameambiwa amehifadhi. Sakinisha chrony, programu ya kulinganisha saa, kwenye kila seva, za tovuti na za hifadhidata, kabla gunia la kwanza halijapanda mizani.