Mume Si Serikali

Wiki iliyopita nilikuwa saluni hapa Maweni, Malindi, kichwa kimeshasukwa upande mmoja, mama mmoja akapokea simu ya bintiye kutoka Italia na kuiweka spika. Ndivyo tulivyo, simu ya ng'ambo hupokewa mbele ya watu. Binti analia. Mumewe Mwitaliano amechukua pasipoti yake na permesso, yaani kibali chake cha kukaa, amezifungia kabatini, na usiku wake amemsukuma hadi akajigonga mlangoni. Mama akamjibu kwa upole kabisa: "Vumilia mwanangu. Usimjibu neno. Ukimkasirisha atakurudisha."

Saluni nzima ikaitikia: eee, kweli, avumilie. Mimi nikanyamaza, maana msusi wangu ni wifi yake huyo mama, na mtu hagombani na aliyemshika nywele. Lakini jambo lenyewe limenikaa kooni tangu siku hiyo, na leo nalitema.

Atakurudisha nani? Huyo mzee ambaye kule Casuarina tulikuwa tukimwona kila jioni na kaptura yake, akibishana na watu wa tuktuk juu ya shilingi hamsini? Lini amekuwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Italia?

Hakuna mume, awe Mwitaliano wa Milano au wa Napoli, mwenye uwezo wa kumfukuza mkewe nchini. Amri ya kufukuzwa hutolewa na prefetto, yule mwakilishi wa serikali kuu katika mkoa. Lazima iandikwe na itaje sababu, na ina njia ya kupingwa mbele ya hakimu. Polisi wakitaka kukupeleka kwa nguvu mpaka kwenye ndege, hakimu aidhinishe kwanza. Na sheria yao ya wahamiaji, nambari 286 ya mwaka 1998, inataja watu wasiofukuzwa isipokuwa kwa mambo ya usalama wa taifa: mtoto wa chini ya miaka 18, mama mjamzito mpaka miezi sita baada ya kujifungua, na mtu anayeishi pamoja na mume au mke Mwitaliano.

Hapo kwenye "anayeishi pamoja" ndipo wanawake wetu wanapokamatwa. Mzee anajua. Anamwambia, ukitoka mlango huu, umekwisha. Na mama wa Malindi, ambaye hajawahi kuiona sheria hiyo wala kumwona wakili, anarudia maneno yaleyale kwa Kiswahili, bure, kila Jumapili. Yaani mzee amepata msemaji wake huku bila kumlipa hata senti.

Sasa tuseme ametoka huo mlango. Je, amekwisha?

Kwanza, kibali cha familia kinaweza kubadilishwa kuwa cha kazi watu wakitengana au wakiachana. Pili, kwa aliyekaa kwa kadi ile ya mke wa raia wa Ulaya, talaka haimwondolei haki ya kukaa ikiwa ndoa ilidumu miaka 3 na mmoja wao angalau ulikuwa humo humo Italia. Tatu, ukiwa na mtoto mdogo mwenye uraia wa Italia na mtoto huyo anaishi kule, wewe mzazi una haki ya kibali cha familia kwa sababu yake yeye, hata kama hukuolewa kabisa, mradi mahakama haijakuondolea ulezi. Hili la tatu nimelieleza kwa watu wengi na wote hunitazama kama niliyelewa. Liko kwenye sheria hiyohiyo, kifungu cha 30.

Na nne, ambalo lingetosha peke yake kwa yule binti wa kwenye simu. Mwaka 2013 waliongeza kifungu, 18-bis, kwa ajili ya mwanamke au mwanamume mgeni anayepigwa au kuteswa nyumbani. Anapewa kibali chake mwenyewe, cha mwaka mmoja, kinachoweza kubadilishwa kuwa cha kazi kikiisha, na anaruhusiwa kufanya kazi. Si cha mume. Hakipitii kwa mume. Nakubali hakitoki kwa kulia tu. Wanataka jambo liwe limeonekana mahali: ripoti ya polisi, karatasi ya hospitali, maafisa wa ustawi wa jamii, au nyumba ya kuwahifadhi wanawake. Ndiyo maana ushauri wa "usimwambie mtu, ni aibu" ndio unaomnyima mtoto wako kibali. Aibu hiyo ndiyo inayofuta ushahidi. Alama ya mlango usoni inapona kwa wiki mbili, na karatasi ya daktari haiponi.

Kuna nambari ya simu, 1522. Ni ya bure, saa 24, na wanaopokea hawaongei Kiitaliano peke yake. Iandikeni mahali.

Na hiyo pasipoti iliyofungiwa kabatini si mali ya mzee, tena si mali hata ya binti: ni mali ya Serikali ya Kenya. Aende polisi aandikishe kwamba amenyang'anywa, apewe karatasi yake, kisha ubalozi wetu uko Roma. Ni usumbufu, foleni na nauli ya treni, najua. Bado ni nafuu kuliko kuomba pasipoti yako mwenyewe kama mtoto anayeomba peremende.

Najua mtakachoniandikia. Kwamba wapo walioolewa kwa ajili ya karatasi. Wapo, na mji huu mdogo tunajuana. Ndoa ya kutungwa ikigunduliwa, kibali kinafutwa, na sina la kuwatetea. Kwamba si wazee wote wako hivyo. Sawa, si wote. Jirani yangu ana mkwe Mwitaliano anayempikia mkewe na kumpeleka mwenyewe Questura, makao ya polisi, kuhuisha kibali. Huyo hahitaji makala. Na kwamba mume anaweza kwenda kusema mmetengana, na kibali kikaja kukwama kikifika muda wa kuhuishwa. Hilo nalo kweli, nalikubali kwa shingo upande. Basi mtangulie. Nenda wewe kwanza, na wakili, kabla yeye hajaenda na hadithi yake.

Hebu nipumue kidogo niseme jambo linalonichekesha. Waitaliano wako Malindi tangu enzi za kurusha roketi Ngomeni miaka ya sitini. Wana majumba, mikahawa na gelato, na mpaka wauza vinyago ufuoni wanaapa kwa Kiitaliano. Wapo kati yao walioingia na viza ya utalii na mvi zimewaotea hapahapa. Umewahi kusikia mtu akiwaita wahamiaji? Wao ni "wawekezaji", ni "wageni wetu". Ndugu zetu Wapemba, wanaovua samaki Pwani hii kwa vizazi, walikamatwa wakiitwa wageni haramu mpaka serikali ilipowatambua mwaka 2023. Lakini mwenye villa haulizwi kitu, anafunguliwa geti. Halafu binti yetu akivuka kwenda kwao anaambiwa aombe ruhusa ya kupumua. Haya, turudi.

Kwa wengine wote mlioko kule, wanaume kwa wanawake, mlioolewa na msioolewa. Kibali kikwisha muda, una siku 60 za kuomba kuhuishwa kabla hawajakuhesabu kuwa huna haki ya kukaa; lakini usizitumie, anza mapema. Ile risiti ya posta ukishaomba ni kinga yako halali mpaka jibu litoke, kwa hiyo usiitupe na karatasi za supamaketi. Ukihama nyumba, badilisha anwani. Barua ya serikali usipoichukua posta haipotei. Inahesabika kwamba umeipata, na siku zinaanza kwenda huku wewe umelala. Ukiumwa nenda hospitali hata kama huna kibali. Madaktari wamekatazwa na sheria kukuripoti, na wenye vyeo vya kusambaza uvumi wa "watakukamata wodini" waache kuua watu. Usitie sahihi usichokisoma. Piga picha kila karatasi, pande zote mbili, mtumie dada yako aliye huku. Mmoja tu, si kundi la WhatsApp la ukoo.

Na mawakala. Ee Mungu, hawa mawakala. Unakuta Mkenya mwenzako, pengine wa mtaa wenu, anakuuzia anwani ya kujiandikisha au mkataba wa kazi ambayo haipo, mamia ya yuro, "usijali, nina mtu wangu ndani". Hana mtu wowote. Siku karatasi hiyo ya uongo ikishikwa, kesi ni yako, na hata haki uliyokuwa nayo inaweza kuondoka nayo. Wakati kila mji una patronato, ofisi za vyama vya wafanyakazi na za makanisa, zinazojaza hizo fomu bila kukutoza.

Ikitokea karatasi ya kufukuzwa imekufikia, usihame mji ukajifiche kwa rafiki. Una siku 30 kwenda kwa Giudice di pace, yule hakimu wa ngazi ya chini, kupinga, na wakili kwa kesi hiyo analipwa na serikali. Kwa kesi hiyo ni haki yako, huombi sadaka. Lakini rufaa peke yake haisimamishi amri, kwa hiyo wakili aombe isimamishwe, siku hiyohiyo. Nasema haraka kwa sababu tangu mwaka 2023 mtu anaweza kuwekwa kwenye vituo vyao vya kuzuilia wahamiaji mpaka miezi 18, na ukishafukuzwa unapigwa marufuku kurudi, kwa kawaida miaka 3 hadi 5.

Sisi tuliobaki tuna mchango wetu. Mtu akirudishwa, mji mzima unamcheka. "Kashindwa Ulaya." Tunahesabu masanduku yake. Kwa hiyo mwenye matatizo anaficha, hapigi simu kwa mtu yeyote mpaka siku zote 30 zimekwisha, ndipo tunasikia yuko uwanja wa ndege.

La mwisho, kwa wale ambao mambo yao ni shwari na ndiyo maana wamelala. Ukifikisha miaka 5 ya kibali halali na kipato kinachotosha, unaweza kuomba kibali cha ukaazi wa muda mrefu. Ukiwa nacho, kukufukuza kunataka mpaka uonekane ni hatari kwa nchi. Mwenye ndoa na Mwitaliano anaweza kuomba uraia baada ya miaka 2 ya kuishi kule, muda unaokatwa nusu mkiwa na watoto, ila wawe hawajatengana mpaka uamuzi utoke. Namjua dada mmoja aliyekataa miaka yote kwa kuogopa kupoteza Ukenya. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 16: aliyezaliwa Mkenya hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine. Italia nao hawakatazi.

Uraia unataka Kiitaliano cha B1, kiwango cha kati, hicho kina kazi yake. Lakini kibali cha muda mrefu ni A2 tu, ngazi moja chini yake. A2, jamani! Nusu ya wauza vinyago wa ufuo huu wangeupita mtihani huo wakiwa wamesimama na mzigo begani. Jiandikishe.