Usiingie Folda Ile

Sikuomba jambo kubwa. Nilikuwa nikitafuta faili moja ya mipangilio, niliyoiandika kwa mikono yangu mwenyewe na kuihifadhi mahali ambapo siku ile nilipaona pa busara. Nikafungua dirisha la amri, nikaandika `find . -name '*.json'`, yaani amri ya find itafute kila faili ambayo jina lake linaishia na .json, aina mojawapo ya faili za data na mipangilio, na skrini ikaanza kumwaga majina kama gunia lililotoboka, karibu yote yakitoka ndani ya `node_modules`, folda ya vifurushi vya msimbo wa watu wengine, ambayo sijawahi kuweka kitu humo kwa hiari yangu.

Nikaongeza `-not -path '*/node_modules/*'` ili kuikataza folda hiyo. Majina yakapungua, lakini kungoja hakukupungua, na hapo nikaigundua hila. Kumbe maneno yale hayazuii kuingia, yanazuia kutaja tu! Find huingia katika folda uliyoikataza, ikapekua hadi uvunguni, kisha ikatoka na kukaa kimya kana kwamba haikupita huko. Mimi nikimkataza mtoto kuingia jikoni, simaanishi aingie, afunue kila sufuria, halafu asinisimulie.

Mwongozo ukasema dawa ni `-prune`, yaani kupogoa, tawi likatwe kabla halijakwewa. Nikaandika `find . -name node_modules/ -prune -o -name '*.json'`, na tawi halikukatika, kwa sababu `-name` hutazama jina tupu la folda, nami nilikuwa nimelivisha mkwaju (/) mwishoni. Nikauondoa. Hiyo `-o` maana yake ni "au", kwa hiyo unaiambia mashine: kama ni folda ile, pogoa, au kama ni json, nionyeshe. Sijapata kumsikia binadamu akimwagiza mwenzake, "Usipite njia ile au niletee barua."

Safari hii utafutaji ulikwenda mbio, ila `node_modules` yenyewe ikajitokeza kwenye orodha, kama mgeni aliyefungiwa mlango akabaki barazani akitangaza jina lake. Usipoandika `-print`, yaani onyesha, mwishoni, find huiweka yenyewe kwa ajili ya amri nzima, na kupogoa nako huhesabiwa kuwa ni jibu la kweli. Grep, jamaa yake wa karibu anayetafuta maneno ndani ya faili, ina `--exclude-dir`, unataja folda na maneno yamekwisha. Sijui hawa wawili walilelewa na nani.

Juzi nilitaka kufuta faili za muda huku nikiinusuru folda moja, nikaweka `-prune` na `-delete` katika amri moja, nikabonyeza kwa kujiamini. Find ikagoma. Ikanieleza kwamba `-delete` huwasha `-depth`, ambayo hushughulikia yaliyomo kabla ya folda yenyewe, na kwa mpangilio huo kupogoa hakufanyi kitu. Niliusoma ujumbe huo mara tatu, jasho likinitoka, kwa kuwa faili za muda ndani ya folda niliyotaka kuinusuru nazo zingefagiliwa.

Ile faili yangu ya mipangilio nimeshaipata. Haikuwa ya json, ilikuwa ya yaml.