Posa za Paka wa Mtaroni

Jamani, mimi nina kofia ya watu. Naanza hapo makusudi, maana barazani wameshanitangaza kuwa nimerukwa na akili kwa sababu ya paka, na ukweli ni kwamba kilichonirusha akili ni kofia. Kofia ya vito, ya bwana harusi, mwezi wa tatu huu naidunga sindano tundu kwa tundu, na harusi yenyewe ni mwezi wa Mfungo Saba. Mtu mwenye deni la kofia hana haki ya kuokota hata shilingi njiani, sembuse paka.

Sasa siku hiyo mvua imenyesha, Alasiri imepita, natoka mtaa wa Langoni kununua uzi mweupe. Nasikia kitu kinalia mtaroni. Hapa Amu, yaani Lamu, kilio cha paka hukisikii, kama mtu wa Mombasa asivyosikia honi. Lakini hiki kilikuwa kama bawaba ya mlango wa kale iliyokosa mafuta. Nachungulia: maji yanateremka mbio kwenda pwani, na maganda ya ndizi, na chupa, na ndara moja ya kushoto, na juu ya kumbi la nazi kipaka kimeng'ang'ania kwa kucha zote, kama nahodha aliyeapa kutokiacha chombo. Kandoni wamesimama watu sita. Wa kwanza akasema "maskini", wa pili "maskini", wa tatu akatoa simu ampige picha maskini. Nikangoja neno hilo limtoe mtaroni, halikumtoa. Nikavua ndara, nikaingia mwenyewe, na shukurani yangu ikawa mikwaruzo minne kwenye mkono, tena mkono wa kushonea.

Nikamwita Nahodha. Hilo ndilo kosa. Paka asiye na jina unampa mtu yeyote. Akishapata jina, sharti umwoze.

Wala sikuwa na wasiwasi. Nilijisemea, huu si ndio mji wa paka? Mwaka 2001 UNESCO waliutia Mji wa Kale katika Urithi wa Dunia, na mimi naona paka wangeandikwa pamoja na milango, maana wao ndio wanaozijua nyumba hizo ndani na nje, na hawalipi kodi. Wageni kila siku hutuambia paka wetu, kwa miguu yao mirefu na shingo nyembamba, wamefanana na wale waliochorwa makaburini Misri. Na dini juu yake: hakuna mtoto wa chuoni asiyejua kwamba Abu Huraira maana yake ni baba wa kipaka. Nikahesabu: naswali Maghribi, natangaza, kufikia Isha nimeshampa mtu, narudi kwenye kofia.

Nikaingia nyumbani naye ndani ya kanzu. Mke wangu hakusema kitu. Alitazama kanzu, akatazama sufuria ya mchuzi, akaivuta karibu naye. Yule bibi hana neno na paka. Ana neno na kichwa cha samaki. Katika nyumba hii mkia ni wa watoto, mnofu ni wangu, na kichwa ni chake, anakinyonya mpaka mboni, na kabla ya kumaliza usimsemeshe.

"Mgeni siku mbili," akasema.

"Naijua."

"Basi malizia mwenyewe, na jembe ulitafute."

Usiku ule nikampa maziwa ya ng'ombe. Nani asiyejua kuwa paka anapenda maziwa? Tumbo lake halikujua. Alfajiri mkeka wa wageni ulikuwa hautazamiki, na aliyeufua si mke wangu.

Nikamtia kwenye kikapu cha ukili nikampeleka kwa daktari wa wanyama. Njiani nikapita hospitali ya punda. Punda wa Amu wana hospitali yao tangu 1987, wanatibiwa bure, nami nina jino linaniuma tangu Shaabani nalituliza kwa karafuu. Basi. Daktari, binti mdogo tu lakini mkali, akampima: gramu 520. Akamfungua kinywa, akamtazama macho yanayoanza kuacha ubuluu wa utotoni, akasema ana wiki sita hivi. Kisha akacheka.

"Mzee, nahodha wako ni jike."

Nikamwambia hajamtazama vizuri. Akasema hahitaji hata kumgeuza: paka wa rangi tatu, nyeusi na nyeupe na ya machungwa, karibu wote ni majike. Nikasema nahodha ni nahodha, jina limeshatoka. Akaniandikia mambo kwenye karatasi kama mtu anayekabidhi mzigo wa forodha. Maziwa ya ng'ombe marufuku. Dawa ya minyoo, irudiwe. Samaki apikwe, atolewe miiba. Chanjo ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu. Afungwe kizazi kabla hajafika nusu mwaka, kwani anaweza kushika mimba mapema kuliko ninavyodhani, na huibeba miezi miwili tu. Hapo nikanyamaza nikapiga hesabu. Kofia moja ya vito, mimi na macho yangu yote mawili, miezi mitatu na zaidi. Yaani ningali nadunga upande wa pili, yeye ameshazaa watano na anamtafuta baba mwingine.

"Na usimpe mtu hivi hivi," akanifungia kazi. "Muulize maswali kwanza."

Nikatia picha kwenye stetasi ya WhatsApp. Watu mia moja na arubaini wakaangalia. Ishirini na watatu wakaleta mioyo, myekundu, mmoja wa zambarau. Binamu yangu aliyeko Mombasa akaandika "mashaallah, mtunze". Nimtunze! Mtu yuko Mombasa, gharama iko huku mtaani kwangu Mkomani.

Posa ya kwanza ikaja na kijana wa mashua za watalii, miwani ya jua saa moja ya usiku. Akasema atamweka omo, mbele kabisa ya mashua, wageni wapige naye picha, jina Nahodha tayari lina soko. Nikamuuliza, Mei kusi ikikaza, watalii hakuna, mashua iko juu ya magogo, paka atakula nini?

"Ah, Mei atajitegemea."

Nikamwambia mwanangu, na wewe Mei hujitegemei, unakula kwa mama yako. Akaondoka amekasirika, lakini alipiga picha kwanza.

Akaja mwenye duka la nafaka, mtu mzima, tasbihi mkononi. Huyu nilimtandikia mkeka (ule ule). Ana panya, anataka paka. Akamgeuza Nahodha huku na huku kama mtu anayechagua nazi, akauliza ataanza kazi lini. Nikasema bado ananyang'anywa dagaa na kuku. Akasema si neno, atafungwa kamba ghalani asizoee kutoka, na hatapewa chakula, maana paka akishiba hawindi. Mimi si shekhe, jamani, kofia nazishona tu, vichwa vyenye elimu ni vya wengine. Lakini nilimkumbusha kwa adabu yule mwanamke wa kwenye hadithi, aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwache ale vijidudu vya ardhini, akaingia motoni kwa ajili yake. Mzee akahesabu tasbihi kama punje tano. Akasema, basi kamba iwe ndefu.

Shangazi yangu naye akaja, na shangazi hatoki bure. Alimtaka kwa mjukuu wake wa miaka minne, "apate cha kuchezea". Mjukuu alikuwepo. Kabla sijamaliza "karibuni" alikuwa ameshamshika Nahodha kwa mkia anampima kama anaingia kwenye mfuko. Shangazi hajanisamehe mpaka leo, amewaambia watu kwamba nimemnyima yatima paka, na huyo mtoto ana baba, ana mama, ana babu wawili, wote wazima.

Muda huo wote kofia inasubiri. Nikikaa barazani na uzi, Nahodha yuko chini yake, anangoja. Mimi navuta kulia, yeye kushoto. Asubuhi moja nimeamka nimemkuta amelala ndani ya kofia yenyewe, imemkaa kuliko itakavyomkaa bwana harusi. Na bwana harusi ndiye aliyebisha hodi. Akaigeuza kofia, akachomoa nywele moja nyeusi, moja nyeupe, moja ya machungwa, akazipanga kwenye kiganja, akanitazama. Nikamwambia ni uzi wa majaribio.

Na barazani ndiko kulikonimaliza. Kila apitaye ana swali. "Hujapata mchumba?" "Mahari kiasi gani?" Mzee mmoja wa kahawa akasema mabinti zangu wawili niliwaoza kwa maswali machache kuliko haya. Nikakaa nikafikiri. Kweli wakwe zangu sikuwauliza habari ya minyoo.

Siku ya kumi na moja nikaitwa. Bi mkubwa mmoja, nyumba ya tatu kutoka msikitini, mjane, hatoki sana. Nimefika dakani na kikapu, karatasi ya daktari mfukoni, maswali nimeyapanga.

"Ndoo, kaa hapo," akasema. Nikakaa. "Umemlisha nini?"

Nikafungua mdomo nimwambie kuwa mwenye kuuliza ni mimi. Neno halikutoka. Akaniuliza dawa ya minyoo nimempa tarehe gani. Akaniuliza nilimweka wapi usiku, kama namwachia mayi ya kunywa, kama amekohoa, kama ana viroboto. Nikasema hana. Akapekua nyuma ya sikio, akatoa kimoja, akakiponda kwa ukucha juu ya kibao cha mbuzi bila kuniondolea mato. Nilitoka jasho kuliko siku ya posa yangu mwenyewe.

"Jina?"

"Nahodha."

"Mtumke, Nahodha?"

"Bi, alikuja na chombo chake."

Akatikisa kichwa. Kumbe wawili aliokuwa nao wote walikuwa na ncha ya sikio iliyokatwa, alama ya waliokwisha kufungwa kizazi. Mmoja alifariki mwaka jana kwa uzee, na huyu aliyebaki alikuwa juu ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ananitazama kama karani wa mahakama. Akanipa masharti. Nimalize dozi ya dawa kwanza. Nimlete Ijumaa. Kizazi ni juu yangu, nauli ni juu yangu. Na kila Ijumaa baada ya sala nipitie na dagaa, kwa sababu "paka ni wangu lakini ukoo ni wako".

Nikakubali yote. Nilikuwa tayari kutia na kofia.

Ijumaa nikampeleka. Hakugeuka hata kunitazama. Alikwenda moja kwa moja kuvuta upindo wa leso ya bibi. Nikarudi barazani, nikatunga uzi, nikadunga matundu arubaini bila mtu kunivuta. Uzi ukawa mwepesi, haunogi. Jioni mke wangu akaleta chai, akatazama chini ya baraza, akasema pamekuwa peupe. Nikamwambia si ndivyo ulivyotaka. Akasema hakusema alivyotaka.

Leo Jumamosi, nimefungua mlango baada ya Alfajiri. Kuna boksi la mafuta ya kupikia, limefungwa kwa kamba ya mnazi, limetobolewa matundu pande zote kwa mpangilio mzuri, aliyelitoboa angefaa kushona kofia. Watoto watatu wamejificha kwenye kona ya kichochoro, mmoja akapaza sauti: "Ami! Tumeambiwa wewe ndiwe unayeoza paka!" Wakakimbia.

Nikafungua. Watatu. Mmoja wa machungwa, mmoja mweusi, na mmoja alikuwa ameshaiona kamba.

Mke wangu akachungulia juu ya bega langu. Akahesabu kwa kidole. Akaingia ndani bila neno, nikasikia mfuniko wa sufuria ukifunguliwa, kijiko kikigonga, kitu kizito kikiwekwa kwenye sahani, na sauti yake ikisema peke yake kwamba kichwa cha changu kina nyama ndogo sana, watu watatu hakiwatoshi.