Mwachieni mama ukuta wake

Kila tarehe 7 Agosti watu hukusanyika kwenye bustani ya kumbukumbu, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue, Nairobi. Ndipo uliposimama ubalozi wa Marekani hadi bomu la mwaka 1998 lililoua watu 213 hapa kwetu, na siku hiyohiyo jingine likaua 11 Dar es Salaam. Majina ya marehemu wa Nairobi yamechorwa ukutani. Na hapo ukutani ndipo sisi wapiga picha tunapoharibu.

Mwaka mmoja nilimwona mama mzee ameshika waridi moja lililofungwa kwa gazeti. Alilitafuta jina kwa kidole, mstari baada ya mstari, midomo ikicheza bila sauti. Alipolipata tu, mpiga picha akapenya kati yake na watoto wake, akapiga, akatazama kioo cha kamera, kisha akamwambia, "Mama, gusa tena kidogo." Mama akagusa tena. Sikusema kitu, na mpaka leo linaniuma.

Kuandika habari za msiba kunahitaji picha, sibishani na hilo. Wakenya waliozaliwa baada ya 1998 wataijuaje siku ile bila hizo picha? Lakini yule mama hakuja kutufanyia kazi. Siku hiyo ukuta ni wake, na sisi tukae pembeni. Fika mapema, waulize waandaaji mashada yatawekwa wapi, chagua upande mmoja utulie hapo na lenzi ndefu. Ukitaka kuhama, hama watu wanapoimba. Flashi usiiwashe kabisa. Ukitaka kumsogelea mtu, msubiri amalize, umpe pole kwanza, ndipo uombe. Akikataa, mshukuru uende zako.

Dakika ya kunyamaza mimi sipigi hata picha moja. Wenzangu huniambia napoteza picha bora ya siku. Wengine husahau walio mbele yao ni akina nani. Asubuhi ile ulisikika kwanza mlipuko mdogo, watu maofisini wakakimbilia madirishani kuchungulia, na bomu lenyewe likawakuta hapohapo nyuso zikiwa kwenye vioo. Wengi walipoteza macho. Baadhi yao huja bustanini, mkono begani kwa mtoto au mjukuu, na watu wakinyamaza wao hubaki na masikio tu. Sasa fikiria kamera kumi zikilia ka-ka-ka-ka katika kimya hicho, umbali wa hatua mbili.

Kamera yangu ya sasa huweza kuzimwa mlio kabisa. Ile ya zamani, yenye kioo kinachoruka ndani kila unapobonyeza, bado ni nzima na naipenda, ila tarehe 7 Agosti naiacha nyumbani.