Rampu za mbao mtaani: tuangalie baiskeli inapotua

Kamati ya wakazi mtaani kwetu, huku Eastlands, Nairobi, imeamua kwamba rampu za baiskeli, yaani vipandio vya kurukia, zisionekane tena ndani ya korti, ua wa nyumba zetu. Iwe ya mbao, iwe ya mawe, askari wa geti ameagizwa aibomoe. Uamuzi huo ulifuata ajali ya kijana mmoja aliyeruka, akaanguka na kuvunjika mkono karibu na kiganja. Wazazi wengi wameuunga mkono, na sababu walizotoa kwenye kikundi cha WhatsApp si za kupuuzwa. Hata hivyo, naona kamati imeondoa kilichoonekana ikaacha kilichomuumiza kijana.

Nianze na hofu ya wazazi, maana ninaielewa. Mtoto anayeanguka hunyoosha mkono ajikinge, na ndiyo sababu mifupa ya mkono na mtulinga huvunjika mara nyingi katika ajali za aina hii. Mfupa wa mtoto huunga upesi, lakini eksirei, plasta na siku za kukosa shule ni mzigo wa mzazi. Tangu mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, wazazi kadhaa katika mjadala wetu wanasema hawana hakika wakifika hospitalini watalipiwa nini na watalipa nini mfukoni. Kuna magari yaliyoegeshwa. Kuna watoto wa miaka mitatu, minne, ambao hupanda kitu chochote kilichoachwa wazi. Mama mmoja alimtaja Suleiman Kangangi, mwendeshaji wetu mashuhuri aliyefariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za Vermont, Marekani. Kama mtu mwenye ujuzi ule alipotea, aliuliza, huyu wangu wa Grade 6 atasalimika vipi?

Swali hilo linauma, na sitalijibu kwa kusema watoto wa zamani walicheza wakapona. Kangangi alikuwa kwenye mashindano, kwa kasi ya mashindano. Kwetu, kasi ni ya mtoto anayetoka mwisho mmoja wa korti hadi mwingine. Kinachofaa kuulizwa ni kitu gani hasa kilimfikisha kijana wetu chini kwa kishindo kile.

Niliiangalia ile rampu kabla haijabebwa. Ilikuwa mlango mkuukuu wa flashi ulioegemezwa juu ya mawe mawili ya ujenzi. Mlango wa flashi ni ngozi mbili nyembamba zenye uwazi katikati. Ulikuwa umeshaanza kubonyea pale tairi linapopita. Sehemu ya chini ulikutana na kabro, yale matofali yaliyotandikwa chini, kwa kona kali, bila mpindo wowote, hivyo gurudumu la mbele lilikuwa likigonga kabla ya kupanda. Upande wa pili hapakuwa na kitu. Ukishamaliza kuruka, unaangukia kabro tupu.

Hapo kwenye kutua ndipo penye jambo lenyewe, na ndipo pasipozungumzwa kabisa. Tuchukue rampu ya sentimita 60 inayomwachia mtoto kwa pembe ya nyuzi 30. Mtoto akiifikia kwa kilomita 20 kwa saa na kuacha kupiga pedali, kupanda kwenyewe kunampunguzia kasi hadi kama kilomita 16. Akiachia ukingo, anapaa takriban sentimita 25 zaidi. Kwa hiyo magurudumu yako sentimita 85 juu ya ardhi, na atatua karibu mita 2.4 mbele ya ukingo. Akitua kwenye kabro, mikono, magoti na fremu ya baiskeli vinapokea pigo la kuanguka sentimita 85 mzimamzima. Mtoto asiyejua kukunja viwiko hulipokea pigo hilo kwa kiganja.

Sasa weka upande wa kutulia. Baada ya ukingo, jenga jukwaa la mita moja na nusu lenye kimo kilekile cha sentimita 60, kisha mteremko wa nyuzi 25 unaoshuka hadi chini. Mtoto yuleyule, kwa kasi ileile, anakutana na mteremko akiwa tayari anashuka, na mbao zinaelekea karibu kule anakoelekea yeye. Kinachobaki cha pigo ni sawa na kuanguka kutoka kimo kisichofika sentimita 10. Na kama alikuja polepole, tuseme kilomita 15 kwa saa, hafiki hata kwenye mteremko. Anatua juu ya jukwaa, kutoka kimo cha sentimita 7 hivi. Mwenye kasi ndogo hadhuriki, mwenye kasi ya kadiri hadhuriki. Mtoto ni yuleyule, baiskeli ni ileile na rampu ya kupandia ina urefu uleule. Kilichobadilika ni kuwepo kwa mbao mahali anapofikia. Narudia jambo hili kwa makusudi, kwa sababu katika ujumbe wote niliousoma juu ya ajali ile, hakuna aliyeuliza mtoto aliangukia nini.

Kujenga kwenyewe si siri ya mafundi wachache. Mpindo wa upande wa kupandia ni kipande cha duara. Kwa vipimo nilivyotaja, duara hilo lina nusu kipenyo cha mita 4.5. Unapigilia msumari ardhini, unafunga kamba ya mita 4.5, penseli mwisho wake, na unachora juu ya plaiwudi ya milimita 18 iliyolazwa chini. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 inatoa mbavu zote mbili, yaani vipande vya kando vinavyobeba mpindo. Tena mpindo huo, ukiupima kwa kuufuata, una kama mita 2.35, na shiti ya plaiwudi ina mita 2.44. Unaingia shiti nzima bila kiungo cha kukwaza tairi. Kati ya mbavu unapigilia mbao za inchi 2 kwa 4 kila baada ya sentimita 20, kisha unafunika kwa plaiwudi mbili za milimita 9 zilizopandana, kwa sababu ya milimita 18 hugoma kupinda na hizo nyembamba hufuata mpindo vizuri.

Tumia skrubu. Msumari hulegea kila tairi linapopita, ukatokeza kichwa, na kichwa hicho ndicho kitakachomchana mtoto goti. Skrubu nyeusi za jipsamu, zile za bei rahisi kwenye kila hadiwea, pia hazifai hapa: hukatika zikipata mshtuko wa pembeni. Mwisho, paka rangi ya mafuta na umwage mchanga laini kabla haijakauka, ili tairi lishike. Kazi hii inataka mtu mzima, msumeno mzuri na siku nzima ya Jumamosi. Watoto washike kamba, wachore, wapime, wapige msasa.

Naijua hoja ya gharama na sitaipunguza. Jukwaa na mteremko wa kutulia vinaongeza mbao kuliko upande wa kupandia wenyewe. Rampu kamili itataka shiti zisizopungua tano. Mbao si rahisi Nairobi. Serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, na ingawa Rais Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, bei hazikurudi zilikokuwa. Paini nyingi tunayonunua inavuka mpaka kutoka Tanzania. Mzazi wa chumba kimoja hawezi kuubeba mzigo huo peke yake. Lakini hii ni hoja ya kuchangishana, na korti yenye nyumba arobaini ikichanga inaweza. Haigeuki kuwa hoja ya kupiga marufuku.

Linalonisumbua zaidi ni kinachotokea baada ya marufuku. Watoto hawajaacha kuruka. Wiki hii wamehamia nje ya geti, kwenye ukingo wa barabara, ambako kuna lundo la murram lililoachwa na waliokuwa wakichimba mtaro. Ni barabara ya matatu. Takwimu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, zinaonyesha kwamba watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni watembea kwa miguu. Tumemwondoa mtoto mahali ambapo hatari yake kubwa ilikuwa mkono kuvunjika, tukamsogeza mahali ambapo hatari ni basi la abiria. Hilo sikuliona likipimwa katika uamuzi wa kamati, na ndilo lingestahili kupimwa kwanza.

Baadhi ya wazazi wamejibu kwamba kuna sehemu maalumu, watoto waende huko. Nazifahamu. Msitu wa Karura una njia nzuri za baiskeli, na kila mkazi wa jiji hili anawiwa na Wangari Maathai na wenzake kwa kuupigania msitu ule mwishoni mwa miaka ya 1990. Kangemi kuna uwanja wa zege wa ubao wa kuteleza pale Shangilia, kituo cha watoto. Jumapili katikati ya jiji vijana wa viatu vya magurudumu hujaa Sunken Car Park. Ila zipime kutoka Eastlands. Ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na kondakta hataki baiskeli ndani ya gari, au akikubali anadai nauli ya viti viwili. Mtoto wa miaka 12 hawezi kuiendesha mwenyewe akakatisha jiji zima. Kwa watoto wengi wa huku, mahali pa kuchezea ni pale wanapoishi, basi.

Na mchezo wenyewe umekomaa. Mbio za BMX, zile baiskeli ndogo za kurukia, ziliingia Olimpiki Beijing 2008, na mtindo huru, ambao kiini chake ni kuruka kwenye rampu, ukaingia Tokyo. Sisemi mtoto wetu ataishia huko. Ninachosema ni kwamba baiskeli katika nchi hii imelelewa nyumbani. Mwendesha baiskeli David Kinjah aliwafundisha vijana kuendesha na kutengeneza baiskeli katika nyumba yake ya mabati kijijini Mai-a-Ihii, Kikuyu, na mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekuja kushinda Tour de France mara nne. Nyumba ile haikuwa na kibali cha uwanja wa michezo. Ilikuwa na spana, baiskeli za kukarabatiwa na mtu mzima aliyekuwepo.

Mtu mzima kuwepo ndiyo hoja ambayo kamati iko sahihi kabisa. Rampu isiyo na mwangalizi, iliyoachwa usiku kucha karibu na magari, haifai hata ikijengwa na fundi bora. Isitoshe, plaiwudi ikinyeshewa masika nzima huvimba, ikabanduka tabaka kwa tabaka, na rampu iliyobanduka ni hatari kuliko ule mlango wa flashi. Kwa hiyo ihifadhiwe ndani, itolewe kwa saa zinazojulikana, na isitumiwe bila helmeti. Uchambuzi wa 2016 wa watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, ulikusanya tafiti 40 zenye majeruhi wa baiskeli zaidi ya 64,000, na ukakuta kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa jeraha kubwa la kichwa kwa takriban asilimia 70. Haitauzuia mkono kuvunjika. Mkono unalindwa na upande wa kutulia, ndiyo maana navitaka vyote viwili.

Nyuma ya tangi la maji kuna kipande cha nyasi ambacho hakiegeshwi gari na kinaonekana kutoka getini. Fundi mmoja wa hapahapa mtaani amekubali kukata mbavu bila malipo iwapo wazazi watanunua plaiwudi na skrubu. Kamati inakutana mwisho wa mwezi. Naomba agizo lisimamishwe hadi siku hiyo, na wanakamati waione rampu yenye upande wa kutulia, wamwone mtoto akiruka na kutua juu yake, ndipo wapige kura.